Jasho la Ukuta

Mtu akikuambia ukuta unatoka jasho, muulize umetoka kulima shamba la nani. Bénédicte hakuuliza. Siku ya kwanza alipopanda ngazi kumwambia Donatien kwamba maji ya bafu lake yanadondoka chumbani kwake, Donatien alikuwa mezani anakula. Alinawa mikono polepole, akafuta kidole kimoja kimoja, ndipo akasema:

"Mama Béné, hiyo haiko maji yangu. Ni jasho ya ukuta. Tangu ziwa ilipanda, Uvira yote inatoka jasho."

Bénédicte akashukuru, akashuka. Alimwamini, na huko kumwamini ndiko kulikokuja kumchoma kuliko mengine yote.

Nyumba yenyewe iko Kimanga, gorofa moja, milango minne. Mzee aliyeijenga alipofariki, watoto wake waliiuza mlango kwa mlango, kila mnunuzi na hati yake. Chini kushoto ni kwa Bénédicte, mwenye kukodisha magauni ya harusi. Chini kulia ni depo ya Donatien, anakoweka simenti anayoipitisha mpakani Kavimvira. Donatien mwenyewe anaishi juu: jiko lake liko juu ya depo yake, na bafu lake, kwa bahati mbaya ya mtu mwingine, liko juu ya chumba cha nyuma cha Bénédicte, chumba cha magauni. Mlango wa nne, huko huko juu, ni wa Mama Marie-Jeanne, mwalimu wa zamani, mjane, ambaye watu wote husema masikio yake yalikufa pamoja na mumewe.

Donatien ndiye aliyewashawishi wenzake wanunue bima ya nyumba nzima kutoka kampuni moja ya Bukavu, na kwa kuwa alivaa koti siku hiyo, wakamchagua awe prezida wa nyumba. Katika mkutano ule ule Mama Marie-Jeanne aliinua mkono, akaomba asome karatasi kabla ya kutia saini. Donatien akacheka. "Tutapoteza muda wa bure, kumupigia makelele mutu asiyesikia," alisema, akamtilia saini yeye mwenyewe. Watu wakacheka kidogo, Bénédicte mmoja wao. Mama Marie-Jeanne alitabasamu kama mtu ambaye hajasikia kitu.

Basi. Mwezi wa sita maji yakadondoka, na mwezi wa sita ni kiangazi, hata wingu la kuazima hakuna. Mwezi wa saba Bénédicte akapanda tena ngazi. "Jasho," akaambiwa. Mwezi wa tisa akapanda mara ya tatu, akamkuta Donatien anavaa viatu. "Mama, weye pia! Uko na kichwa ngumu. Weka beseni." Akaweka beseni. Tone, tone, tone, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ulikuwa juu kwa mwenye koti, na wa kujenga ukuta alikuwa chini.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, dari ya chumba cha nyuma ikaanguka yote kwa pamoja. Magauni kumi na manne yalikuwa yametundikwa humo, na la Victoire likiwa la mbele, limepigwa pasi, kwa sababu Victoire alikuwa anaolewa kesho yake. Bénédicte alilifua mara nne, kwa sabuni, kwa ndimu, kwa machozi. Doa la rangi ya chai lilibaki kifuani pale pale ambapo kila jicho la kanisa lingetua. Victoire aliolewa na gauni la kuazima lililombana, na shangazi zake wakaja Kimanga kumtukana Bénédicte mlangoni pake, mbele ya wauza ndagaa na wapita njia. Donatien alikuwa amesimama juu kwenye baraza yake, ameshika kikombe.

"Mama huyu anaweka nguo za watu ovyo," aliwaambia wale shangazi, kwa sauti ya kusikitika. "Minye nilimuonya."

Yoo! Alimwonya! Maneno hayo yakatembea kutoka Kimanga hadi Songo kabla ya jua kuzama. Mabibi harusi wakaanza kupita mlangoni pa Bénédicte bila kugeuza shingo.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi wa bima, Monsieur Franck, kijana mwembamba mwenye viatu safi mno kwa barabara zetu na mkoba uliojaa fomu. Aliangalia dari, akagusa ukuta, akawaeleza bila kuficha kitu. Bima ya nyumba inalipa kuta, paa, dari, na mabomba yaliyo ndani ya kuta. Tena inalipa maji yaliyokuja ghafla: bomba limepasuka leo, leo umeita. Maji yaliyovuja polepole kwa miezi hailipi, maana hayo ni ya mtu kutotengeneza nyumba yake. Na vitu vya ndani, nguo, meza, magunia, kila mtu hujinunulia bima yake ya pekee.

"Kama Prezida alivyofanya kwa depo yake," Franck akaongeza.

Watu wote wakamgeukia Prezida. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba kuna bima ya namna hiyo. Donatien akakohoa.

"Sasa magauni yangu?" Bénédicte akauliza.

"Mama, kama maji yametoka kwenye bomba la jirani, jirani ndiye anayebeba mzigo. Bomba lilikuwa la nani?"

Hapo ndipo. Bénédicte alimtazama Donatien. Alichotaka kilikuwa kidogo sana: aseme tu, mbele ya wale waliosikia matusi, kwamba ni maji yake. Neno hilo moja lingemrudishia jina lake. Donatien akatazama ukuta kama mtu anayesoma Injili.

"Bomba zangu ziko nzima," alisema. "Hiyo ni unyevu ya ziwa. Tena haikuanza leo, Monsieur Franck. Mama mwenyewe alipanda kwangu mara tatu, tangu mwezi wa sita. Muulize."

Franck akamuuliza. Bénédicte, mtoto wa watu, akajibu kweli: ndiyo, mara tatu, tangu mwezi wa sita. Mkaguzi akaandika. Polepole: dari hailipwi. Unyevu wa ziwa: jirani hana kosa. Kisha akampa Donatien fomu yenye swali moja kwa bafu, jiko na depo: je, unajua bomba lolote kwako linalovuja au lililowahi kuvuja? Donatien akaandika "hapana", akapiga saini yenye mikia mirefu. Mara tatu ambazo Bénédicte alilalamika kwa adabu zikawa misumari mitatu, akagongomelewa nayo.

Usiku wa siku hiyo hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira haina nafasi ya machozi. "Ataisema," alijiambia. "Kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu. Na siku hiyo sitamuhurumia."

Kesho yake alimwendea Franck kituo cha magari kabla hajarudi Bukavu, akaomba nakala ya mkataba. Mwenye mlango ana haki ya nakala. Kurasa kumi na tisa za Kifaransa, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na Bénédicte aliishia darasa la nne la sekondari. Alisoma miezi mitatu, kidole kwenye mstari. Kwenye ukurasa wa kumi na saba akakuta kifungu alichokisoma hadi akakijua kama Baba Yetu: mwenye bima akisema uongo kwa kusudi, mkataba wake unakufa. Njia ya mwongo ni fupi. Wazungu nao walikuwa wameiandika, ila kwa herufi ndogo.

Mwezi wa tatu Donatien alimleta fundi bomba, Gracien, Jumapili wakati wa misa. Alidhani nyumba ni tupu. Bénédicte alikuwa na homa, amelala, akasikia nyundo bafuni juu ya kichwa chake asubuhi nzima. Siku hiyo tone likakoma. Jioni akakuta nyuma ya nyumba kipande cha bomba kilicholiwa na kutu, kina tundu la kuingia kidole gumba. Akakifunga kwenye kitenge, akakiweka chini ya kitanda. Hakumwonyesha mtu. Bomba halina jina la mtu, na Donatien angesema limetupwa na paka.

Kisha kikaja kiangazi kingine, na maji ya bomba yakakatika mjini wiki tatu nzima. Mtu asiyekaa Uvira hajui jinsi tunavyongoja maji. Robine, mdomo wa bomba, huachwa wazi, beseni chini yake, ili yakija yasimpite mtu. Na kila nyumba ya gorofa ina sheria yake isiyoandikwa. Kwa sababu nguvu ya maji ni ndogo, huanza chini, na juu hufika baada ya nusu saa. Basi wa chini akisikia robine yake inakohoa, hutoka na mwiko, akagonga chuma cha ngazi, akaita: "Maji imefikaaa!" Wa juu hukimbilia robine zao, na aliyetoka hupigiwa simu. Hata mkiwa hamsalimiani, mnaitana maji. Bénédicte, kwa miaka saba, hakuwahi kukosa kuita.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Donatien na mkewe na watoto walipanda gari kwenda Songo kwenye mahari ya shemeji yake. Walivaa sare ya kitenge cha samaki. Robo saa baadaye, robine ya Bénédicte ikakohoa.

Ikakohoa tena, ikatema hewa, ikatema kutu, kisha maji. Bénédicte alisimama na mwiko mkononi. Alitoka hadi kwenye ngazi. Aliinua mkono. Dirisha la jiko la Donatien lilikuwa wazi, na kutoka pale chini aliweza kuona shingo ya robine yake, imeinamia beseni, imefunguliwa hadi mwisho. Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni lake, ina chaji, na namba ya Donatien ilikuwa humo. Songo si mbali. Angefika kabla beseni halijajaa mara mbili.

Akashusha mwiko.

Akarudi ndani, akatandika nailoni juu ya magauni machache yaliyobaki, akaketi kwenye cherehani, akashona pindo la gauni ambalo hakuna mtu aliyeliagiza. Nusu saa. Kisha huko juu maji yakaanza, kwanza kwa mlio wa beseni tupu, kisha mlio wa beseni lililojaa, kisha mlio wa sakafu. Ng'ambo ya ukuta, depo ikaanza kuitika: tap, tap, tap, juu ya mifuko ya simenti mia nne. Bénédicte alifurahi. Tusimfunike kwa shuka. Alifurahi hadi uzi ukamponyoka kwenye sindano. "Jasho," alisema kwa sauti, peke yake. "Pole sana, Prezida. Ni jasho ya ukuta."

Donatien alirudi saa tisa alasiri, ana wali kwenye ndevu. Kelele aliyopiga iliwatoa watu hadi barabara kuu. Simenti ikishaonja maji haibembelezwi. Mifuko ilikuwa imekaa pale pale kwa foleni yake, kila mmoja umeanza kuwa jiwe.

"Mama Béné! Haukusikia maji?"

"Nilikuwa kwa mashine, Prezida. Weye unajua makelele yake."

Mlango wa Mama Marie-Jeanne ulikuwa wazi huko juu, na mwanamke yule mzee alikuwa ameketi pale kwenye kigoda chake, anachambua maharage, hainui uso. Bénédicte akajiuliza: Alikuwa pale tangu lini? Halafu akajituliza: hasikii huyu, hata radi haisikii.

Jumanne Franck akaja na viatu vyake safi. Watu walijaa uani, maana msiba wa tajiri hauhitaji mwaliko. Wale shangazi za Victoire nao walikuwepo, wametoka soko la karibu kuangalia. Donatien alikuwa amerudiwa na rangi, maana alijua sheria. Maji yalikuja Jumamosi, na Jumamosi hiyo hiyo ameita. Ghafla tupu. Na vitu vya ndani vina bima yake.

Franck aliingia depo, akazunguka na tochi. Akasimama kwenye ukuta unaotenganisha depo na chumba cha magauni. Juu yake kulikuwa na mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, na chokaa imebambuka kama ngozi ya mtu wa surua.

"Hii si ya Jumamosi," alisema. "Hii ina mwaka. Mama, weye ni wa upande wa pili. Ukuta huu ulianza kulowa lini?"

Bénédicte alikuwa amelisubiri swali hilo miezi tisa, amelilalia na kuamka nalo. Akajibu kwa upole, kama mtu anayejibu padri:

"Minye niko mushona nguo tu, Monsieur Franck. Ukuta ule uko na maji tangu zamani. Mwaka jana Prezida alitufundisha wote hapa kwamba ni unyevu ya ziwa. Haiko hivyo, Prezida?"

Franck alianza kuandika, akizungumza na kalamu yake. "Unyevu wa ziwa, wa muda mrefu. Simenti iliyowekwa kwenye ukuta wenye maji huganda polepole yenyewe. Basi hatuwezi kujua ipi iliganda Jumamosi na ipi iliganda zamani. Hailipwi."

"Hapana!" Donatien akaruka. "Monsieur Franck, ngoja! Doa hiyo haiko ya ziwa!"

"Ni ya nini?"

"Ni ya zamani, iliisha! Ni bomba ya bafu yangu, ilikuwa na tundu, njo ilileta maji kwa huu ukuta na kwa chumba ya Mama Béné. Lakini nilitengeneza mwezi wa tatu! Gracien ni shahidi! Tangu hapo depo ilikuwa kavu, kavu kabisa!"

Mtu mmoja nyuma akasema "Eeeh!" ya kuvuta. Neno lilikuwa limetoka. Lakini miezi tisa ya kupitwa mlangoni hailipwi kwa neno lililotoka kwa mbio.

"Prezida, naomba urudilie," alisema. "Mama Marie-Jeanne hasikii vizuri. Na hawa mashangazi wako mbali. Nani aliharibu robe ya Victoire?"

Donatien alimtazama Franck, na Franck alikuwa ameshika kalamu hewani, anangoja. Mifuko mia nne nayo ilikuwa inangoja.

"Maji yangu!" akapaza sauti. "Ni maji yangu iliangusha plafon yake! Mara tatu aliniambia, sikutengeneza! Umefurahi?"

"Sana," alisema Bénédicte.

Aliingia ndani, akarudi na kitenge, akakifungua miguuni pa Donatien. Bomba likabingirika hadi kwenye kiatu chake, likasimama na tundu lake likimtazama. Shangazi mkubwa wa Victoire akashika mdomo.

Franck hakutazama bomba. Alikuwa anapekua mkoba. Akatoa fomu ya mwaka jana, akaigeuza ili Donatien aione. Swali moja, neno "hapana", saini yenye mikia mirefu.

"Sahihi ni yako?"

Hapo Donatien akaelewa. Uso wake ulimporomoka wote kwa pamoja, kama dari ya mwezi wa kumi. Alifungua mdomo, akasema ziwa, akasema Gracien, akasema watoto wake. Franck alimsomea kifungu cha ukurasa wa kumi na saba, na Bénédicte alitembeza midomo pamoja naye, hakukosea hata nukta. Bima ya depo imekufa. Magauni ya Bénédicte yatalipwa na mfuko wa Donatien. Ya nyumba itabaki, lakini wenye milango watafute prezida mwingine. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Watu walipotawanyika, shangazi mkubwa alikuja, akamshika Bénédicte mikono yote miwili, akamwambia yule mdogo wa Victoire anaolewa mwezi wa kumi na mbili, atakuja kupimwa. Bénédicte akasema karibu. Alipanda ngazi akiwa mwepesi, sahani ya ndagaa mkononi, ampelekee Mama Marie-Jeanne kwa kuwa siku hiyo alitaka kumpa kila mtu kitu. Akaiweka kando ya kigoda chake, akapaza sauti kama watu wote wanavyompazia:

"Mama! Nimekuletea ndagaa!"

"Usipige makelele," alisema Mama Marie-Jeanne. "Minye nasikia vizuri."

Bénédicte akabaki ameinama.

"Nasikia tangu zamani. Wakisema hausikii, wanasema yote mbele yako." Alikuwa anachambua maharage, mawe huku, maharage huku. "Jumamosi nilisikia robine yako inakohoa. Nikasikia umetoka. Nikangoja uite. Kisha nikasikia na ya Donatien, hapa kwa ukuta wangu, inamwagika, inamwagika. Ufunguo wa jiko yao niko nao minye, mke wake huniachia."

"Na haukuenda?"

"Aliniandikia saini. Mukacheka." Mwanamke yule mzee akainua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama bila uadui wowote, bila upendo pia. "Weye pia ulicheka, mwanangu. Ndagaa aksanti."

Bénédicte alishuka ngazi akishika chuma. Maji yalikuwa yamekatika tena tangu mchana, na robine yake ilikuwa wazi, imeinamia beseni kama desturi, na kesho alikuwa na safari ya Bukavu kununua kitambaa cheupe. Kisha akaifunga. Akaikaza, akaondoka, akafika mlangoni, akarudi, akaikaza tena.